Nyekundu: Sifuri

Jumatatu, 10 Februari. Gitega

Washiriki kumi na wanane: wanaume kumi na mmoja, wanawake saba. Wataalamu wa udongo, wa mbegu, wa maji, na watu watano wa kituo cha kupima nafaka cha Muyinga. Wawili tu kati yao wamewahi kuandika programu ya kompyuta. Umeme ulikatika saa nne na dakika kumi, ukarudi saa tano kasoro robo. Jenereta ipo, mafuta hayapo.

Kazi yangu ni kutafuta ukumbi, kuita watu, kuhesabu, na kuandika taarifa. Miaka ishirini na miwili redioni ilinifundisha kuhesabu kwanza. Baada ya redio kufungwa nilibaki na tabia hiyo na daftari hili.

Mwalimu ni Nadia, mwanahisabati kutoka Bujumbura, umri miaka thelathini na mmoja. Anaandika programu papo hapo, mstari kwa mstari, kila kitu kinaonekana ukutani, na washiriki wanaandika pamoja naye. Akikosea wanamwona anakosea. Kila mmoja amepewa vikaratasi vya kunata vya rangi mbili. Ukibandika cha kijani mgongoni mwa kompyuta, maana yake umeelewa. Chekundu, umekwama na unataka msaada.

"Nyekundu haina haya," Nadia aliwaambia. "Mi mwenyewe nikianza nilibandika kumi kwa siku."

Walicheka. Kufika jioni hakuna aliyebandika chekundu.

Niliwakalisha kwa vituo, kila mkuu katikati ya watu wake, ili wazoee kufanya kazi pamoja. Wazo hilo lilikuwa langu.

Jumatano, 12 Februari

Kijani kumi na nane. Nyekundu: sifuri. Mvua tangu saa nane.

Alhamisi, 13 Februari

Leo kila kituo kimefanyia kazi data zake. Watu wa Muyinga wamekuja na vipimo vya sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoingia kwenye mahindi yasiyokauka. Mahindi ya mwaka huu yalivunwa huku mvua inanyesha, yakaingia ghalani mabichi. Kituo hupima kila shehena. Sumu ikizidi kumi kwenye kipimo, shehena inakataliwa. Ikiwa chini, shehena inakwenda kwenye majiko ya shule. Zamani walipitia faili kwa macho, majuma matatu. Sasa wameandika programu inayosoma faili na kutoa orodha ya shehena mbaya.

Mkuu wao ni Damiano, miaka hamsini na minane, suti ya kahawia, kalamu mbili mfukoni. Kulia kwake hukaa Gracieuse, fundi wa maabara, Mkongomani wa Kivu Kusini, mkimbizi mwenye mkataba wa miezi sita. Nadia alipouliza kama kuna aliyekwama, Damiano hakugeuka kuwatazama watu wake.

"Hakuna," alisema. "Muyinga tumeelewa, Madame. Endelea tu."

Wakati huo nilikuwa upande ule, natafuta soketi. Gracieuse alibandua kikaratasi chekundu. Akakishika kidogo, akamtazama mkuu wake kwa pembe ya jicho, kisha akakibandika ndani ya daftari lake na kulifunga.

Naliandika hili kwa sababu nililiona. Sina maelezo zaidi.

Ijumaa, 14 Februari

Vyeti. Picha. Taarifa imekwenda kwa wafadhili saa kumi. Sentensi mbili za mwisho: "Vikaratasi vyekundu: sifuri. Washiriki wote wameelewa."

Nyumbani Musinzira nilimsomea mke wangu, Layla. Anauza vitambaa sokoni na hana subira na taarifa.

"Watu kumi na wanane, siku tano, na hakuna hata mmoja alishindwa kitu?" alisema. "Hao hawako wanasayansi, mume wangu. Hao ni malaika."

Nikamwambia mwalimu ni mzuri.

Jumatatu, 24 Februari

Damiano amepiga simu, sauti juu. "Bwana Husni, andika! Majuma matatu zamani. Leo dakika ine! Nimesaini orodha mi mwenyewe." Shehena sitini na moja zimepimwa. Tisa zimekataliwa, hamsini na mbili zimeruhusiwa. Shule zitaanza kupika tarehe tatu Machi.

Nimeiweka kwenye taarifa kama mafanikio ya kwanza.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani imeanza. Mvua usiku na mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Barabara ya Makebuko imekatika. Hakuna mafuta kwenye vituo vyote vitatu nilivyopita.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Gracieuse kuhakikisha atakuja kwenye mafunzo ya pili, yatakayofanyika Muyinga. Alijibu kwa sauti ndogo. Ndugu zake saba wamemfikia wakikimbia vita Bukavu, wamevuka mto Rusizi kwa miguu. Nilimpa pole. Nikamuuliza kama kazi yenyewe inaendelea vizuri.

"Inaendelea, Papa Husni," alisema.

Jumatatu, 17 Machi. Muyinga

Washiriki kumi na sita. Kijani kumi na sita. Nyekundu: sifuri.

Jumanne, 18 Machi. Muyinga

Naandika kwa mpangilio wa saa, nisije nikachanganya.

Wafadhili waliomba picha ya watoto wanaokula mahindi yaliyopitishwa na programu. Saa tatu nilipata pikipiki hadi shule moja ya msingi upande wa Gashoho. Mwalimu mkuu, Esdras, ni mtu mwembamba mwenye shati lililopauka kwa kufuliwa. Alinionyesha ghala. Magunia yako juu ya mbao, namba za shehena zimeandikwa kwa wino wa bluu. Nilinakili: 17, 22, 31, 40. Kuna harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Aliniambia mvua imeingiza harufu kila mahali, hata kwenye madaftari.

Saa sita watoto walipanga foleni na sahani zao. Mahindi yaliyosagwa, yamepikwa mazito, na maharage juu. Esdras alinipakulia.

"Nimefunga," nilisema.

"Ah, pardon, mzee. Basi sehemu yako nitakula mi." Akala.

Nilipiga picha kumi na nne. Katika ya kumi na moja niliona mtoto mmoja wa kike amekaa mbali, kwenye ngazi, anakula viazi vitamu kutoka kwenye kibakuli cha plastiki. Niliuliza kama ni mgonjwa.

"Yule? Anaitwa Bora. Mtoto wa Gracieuse, yule mama wa laboratoire ya kupima mahindi. Mama yake anaringa kidogo. Chakula ya bure iko hapa, ye anabeba viazi."

Nilimwendea. Ana miaka minane, amekosa meno mawili ya mbele. Nilimuuliza kwa nini hali na wenzake.

"Mama amesema nisikule ya shule."

"Tangu lini?"

"Tangu imeanza."

"Amesema sababu?"

"Amesema nikiulizwa niseme tumbo linauma." Akafikiri. "Tumbo linauma," alisema.

Pembeni yake alikaa rafiki yake Nuru, miaka tisa, anakula sahani ya shule. Alikuwa anamcheka. "Anaongopa huyo! Jana pia tumbo lilimuuma, lakini kwa kuruka kamba alinishinda!"

Nilirudi Muyinga saa tisa. Nilimwita Gracieuse nje, chini ya paa la baraza. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna ambaye angetusikia. Sikumzungusha. Nilimuuliza kwa nini Bora hali.

Alitazama maji yanayotiririka kutoka kwenye bati. Kisha alifungua daftari lake. Kile kikaratasi chekundu cha Februari bado kilikuwa humo.

"Shehena kumi na saba," alisema. "Mi nilipima. Mashine ilikataa kusoma, sumu imepita kipimo. Nikachanganya na maji mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ndiyo ikasoma. Elfu moja mia tisa na kumi na mbili, virgule sita. Mtu hawezi kusahau namba kama hiyo. Siku ile Gitega nikaona kwa kompyuta kwenye nafasi yake hakuna kitu. Iko wazi. Nikataka kuuliza. Chef Damiano akasema tumeelewa."

"Na orodha ilipotoka?"

"Haikuwa kwa zile mbaya. Nikafikiri pengine programu iko na akili kunipita mi. Halafu nikafikiri pengine hapana. Nikamwambia Bora asikule."

"Na wale wengine?"

"Papa Husni, mi niko na karatasi ya ukimbizi. Kontra yangu inaisha mwezi wa sita, na Chef ndiye anasaini. Watu saba wako mu nyumba yangu ya vyumba viwili. Nikisema Chef amekosea, twende wapi? Turudi kule?"

Nilimwambia ni watoto zaidi ya mia mbili.

"Mia mbili kumi na ine," alisema. "Najua hesabu yao. Napita mbele yao kila asubuhi."

Katika kazi yangu nimeongea na watu waliofanya mambo mabaya zaidi ya hili, na sauti yangu haikupanda. Leo pia haikupanda. Lakini nilimtazama na kumwona mtu aliyemtoa mwanawe kwenye foleni na kuwaacha wengine waendelee kusogea. Siku kumi na mbili za shule.

Nadia alifungua faili. Ilimchukua dakika sita. Maabara ina mashine mbili. Ile mpya, ya msaada, huandika sehemu za desimali kwa nukta. Ile ya zamani, iliyopangwa kwa Kifaransa, huandika kwa mkato, ile virgule, kama sote tulivyofundishwa shuleni. Programu inajua nukta peke yake. Namba yenye mkato ilichukuliwa kama neno, nafasi yake ikaachwa wazi. Na nafasi iliyo wazi haizidi kumi. Kwa hiyo imeruhusiwa.

Shehena ishirini na tatu zimepita hivyo. Katika daftari la Gracieuse, kumi na tisa kati ya hizo ni salama. Nne zimezidi: 17, 22, 31, 40. Lori moja lilizipakia zote, likazipeleka shule moja.

Nadia alifunika uso kwa mikono. "Ni kitu cha mstari mmoja," alisema. "Mstari mmoja, Mzee Husni. Mtu angebandika nyekundu, ningekiona kabla ya chai."

Saa kumi na moja tulimpelekea Damiano matokeo. Nilimwambia ni Nadia aliyegundua. Alisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akakaa. Alitafuta orodha yake, akaiweka mezani, akaweka kidole juu ya saini. Kisha akakiondoa.

"Tupime upya," alisema. "Siku mbili. Halafu tutaona."

"Kesho saa sita wanakula tena, Bwana Damiano."

"Siwezi kusimamisha shule kwa sababu ya virgule!"

Simu ya Esdras haipatikani. Nimejaribu mara tisa. Mvua haijapungua.

Jumatano, 19 Machi

Niliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwenye pikipiki alikuwa na mafuta chupa moja ya Fanta, akaniambia yatatufikisha kama hatutarudi nyuma. Tulirudi nyuma mara mbili. Maji yalikuwa juu ya daraja dogo, tukangoja. Saa nne nilianza kuwaza majiko: yanawashwa saa ngapi, maji yanachemka kwa muda gani, mahindi yanawekwa lini. Mikono ilikuwa baridi. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tulifika saa tano na dakika ishirini.

Damiano alikuwa jikoni.

Alikuwa amefika saa tatu, kwa baiskeli ya kukodi, kilomita karibu ishirini kwenye mvua. Suti ya kahawia ilikuwa nyeusi kwa maji. Masufuria mawili yalikuwa yamemwagwa kwenye shimo, na wapishi watatu wamesimama mbali wakimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Usiku kucha nilimwandika moyoni mwangu kama mwoga. Leo asubuhi nilifuta. Mchana ilinibidi niandike tena.

Aliwaambia wapishi na Esdras hivi: "Unyevu. Mahindi imepata unyevu. Hakuna kupika mpaka nitume ingine."

Nikamvuta nyuma ya jiko. Nikamwambia wazazi lazima wajue, ili waangalie dalili.

"Nimesimamisha," alisema. "Unataka nini tena? Nikitamka sumu, kabla jua kuzama wazazi wako hapa na mafimbo. Kwanza watamshika Esdras. Pili mi. Tatu yule mama Mkongomani aliyepima, na huyo hawatamuuliza maswali. Nipe mpaka Jumatatu. Tupime upya, niandike kwa wakubwa, kila kitu na karatasi yake. Na we usiandike kitu."

Nilikubali.

Nilijiambia kwamba chanzo kimoja hakitoshi, kwamba habari isiyothibitishwa huua pia. Ni kanuni nzuri. Nimewafundisha vijana wengi kanuni hiyo.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mafunzo ya Muyinga tumeyaahirisha. Sababu tuliyotoa: barabara.

Ijumaa, 21 Machi

Gracieuse amepima upya shehena 17: elfu moja mia nane sabini na nne. Vyanzo viwili sasa. Damiano anasema bado Jumatatu.

Jumamosi, 22 Machi

Sikufanya kitu.

Jumapili, 23 Machi

Esdras alinipigia saa sita na nusu mchana. Alikuwa ametoka kanisani, na nyuma yake kulikuwa na kelele za wanawake.

Baada ya ibada, wakati wa matangazo, Gracieuse alisimama. Waumini walidhani atatangaza wageni wake wa kutoka Bukavu. Alisema jina lake na kazi yake. Alisema mahindi ya shule yalikuwa na sumu, alijua tangu mwanzo, akamzuia mtoto wake peke yake. Kisha akawaambia waangalie nini: macho ya njano, mkojo mweusi kama chai, kutapika, tumbo kujaa.

"Hakulia," Esdras alisema. "Ilikuwa kama anasoma liste. Mwanamume moja akasimama akamwambia, 'Na wako anakula viazi!' Akajibu, 'Ndiyo. Wangu alikula viazi.' Akabaki amesimama palepale. Akangoja wampige."

Hawakumpiga. Walikuwa na kazi nyingine. Kila mama alimshika mwanawe, akamgeuza uso kuelekea mlangoni penye mwanga, akamvuta kope ya chini. Halafu mama mmoja akasema, "Huyu. Njooni mumwone huyu."

Alikuwa Nuru.

Siku nne nilikaa na jambo lile lile ambalo Gracieuse alikaa nalo. Yeye alikuwa na watu saba wa kuogopea. Mimi nilikuwa na kanuni.

Jumatatu, 24 Machi. Muyinga

Hospitali. Nuru na wengine wawili wenye macho ya njano. Damiano ameandika barua kwa wakubwa wake, kurasa mbili, ameweka jina lake mstari wa kwanza. Nilimuuliza kama amemtaja Gracieuse.

"Nimeandika kwamba orodha niliisaini mi. Ni nani mwingine alisaini?"

Macho: watatu.

Jumanne, 25 Machi

Esdras amewapanga wanafunzi wote uwanjani asubuhi. Kila mtoto anatazama juu, anavuta kope yake mwenyewe, Esdras na muuguzi wanapita. Nimepita nao. Hakuna jua. Kwenye mwanga wa mawingu kila jicho lina shaka. Nilianza kuona njano pasipo njano, kwenye ukuta, kwenye kucha zangu.

Esdras mwenyewe alikula siku zote kumi na mbili. Alipomaliza foleni aliinama mbele yangu.

"Na mi, mzee. Angalia."

Niliangalia. Sikuwa na uhakika. Nikamwambia ni meupe.

Macho: watatu.

Jumatano, 26 Machi

Macho: watano.

Alhamisi, 27 Machi

Watano. Nuru anatapika. Daktari ananiambia hakuna dawa ya kuondoa sumu hii. Wanampa maji, sukari, vitamini, na wanangoja ini lake liamue.

Mama yake Nuru yuko upande mmoja wa kitanda. Upande wa pili, kwenye mkeka, yuko Gracieuse, tangu jana. Hawazungumzi. Niliona mama akimpa Gracieuse beseni akamwage, naye akalichukua.

Ijumaa, 28 Machi

Sita. Tumbo la Nuru limejaa.

Damiano ameitwa Gitega na tume ya ukaguzi. Aliniaga mlangoni. Alikuwa amevaa ile suti, imekauka na mikunjo.

"Unajua Bwana Husni, mi nilikuwa nimekwama siku ya kwanza," alisema. "Saa ya kwanza! Hata kufungua faili sikujua. Nilibandika kijani kwa sababu yule wa mbegu alikuwa amebandika."

Nikamuuliza yule wa mbegu alikuwa na uelewa gani.

"Nilimuuliza baadaye. Anasema alinitazama mi."

Jumapili, 30 Machi

Kesho au leo ni Idd, wengine wanasema wameona mwezi. Mvua imefunika kila kitu. Nimebaki Muyinga. Layla amepiga simu.

"Unakula lakini?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

Nimegundua sijala mahindi tangu tarehe kumi na nane. Macho: sita.

Jumatano, 2 Aprili

Sita. Hakuna mpya kwa siku ya tano.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zinafungwa kwa likizo ya Pasaka. Watoto mia mbili kumi na watatu waliokula, ukitoa wale walio hospitali, wanatawanyika vilimani, kwa mabibi na mashangazi. Esdras amempa kila mmoja karatasi yenye dalili nne, kwa Kirundi na Kiswahili. Anaogopa zitatumika kufungia chumvi.

Jumanne, 8 Aprili

Wawili wameruhusiwa. Nuru hajui siku. Alimwita Bora, akamwambia aache kuruka kamba, anamtia kizunguzungu. Bora hakuwepo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nuru hakuzungumza leo. Daktari alipiga makofi karibu na masikio yake. Alifumbua macho, akafumba. Niliandika saa: nne na dakika arobaini. Sijui nilitaka saa hiyo ya nini.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuna badiliko.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuna badiliko. Niliondoka wodini nikakaa nje mvua ikininyeshea. Miaka ishirini na miwili sijafanya hivyo.

Jumapili, 13 Aprili

Saa tatu asubuhi Nuru aliomba uji. Mama yake aliuliza uji wa nini. Gracieuse akasema, "Wa mchele," haraka sana, na wote wawili wakatazamana. Ni neno la kwanza nililosikia kati yao.

Jumanne, 29 Aprili

Nuru ametoka hospitali. Atapimwa kila mwezi kwa mwaka mmoja. Daktari hatoi ahadi kuhusu ini lake akiwa mtu mzima. Aliyekufa: hakuna. Wanafunzi watatu hawajapatikana tangu likizo ianze. Esdras anawatafuta kwa miguu.

Jumatatu, 5 Mei. Gitega

Mafunzo ya tatu. Washiriki kumi na sita. Wakuu wa vituo nimewaweka chumba kingine, wana mwalimu wao. Damiano hayupo: anangoja uamuzi wa tume, nyumbani kwake. Mkuu mpya wa Muyinga hajateuliwa, kwa hiyo hakuna wa kusaini mkataba wa Gracieuse. Amekuja bila barua ya mwaliko, kwa pikipiki. Nilimwandikia jina mlangoni.

Saa tatu kamili Nadia aliwasha kompyuta yake, akageuka kuwatazama. Vikaratasi kumi na sita mgongoni mwa kompyuta kumi na sita. Vyote vyekundu.

"Mais," alisema, "bado sijaandika kitu!"

Mtaalamu mmoja wa udongo aliinua mkono. "Madame, kijani ni kama saini. Mi sisaini tena."

Hakuna aliyecheka. Mwezi wa pili waliogopa chekundu, sasa wanaogopa cha kijani. Kufika jioni vilikuwa bado kumi na sita.

Jumanne, 6 Mei

Nadia amewapa zoezi: faili lile lile la Muyinga, shehena sitini na moja, mikato na nukta pamoja. Wengi walimaliza kwa nusu saa, vyekundu vikabaki.

Gracieuse alimaliza wa nne. Kisha akatoa daftari lake la maabara, akaanza kulinganisha. Mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi, macho kwenye kioo, midomo inahesabu. Wenzake walikwenda kunywa chai, wakarudi. Nje mvua ilikuwa nyepesi, ya kumalizia msimu. Ilimchukua saa moja na dakika arobaini. Alipofika namba kumi na saba alisimama, akaisoma mara tatu.

Baada ya sitini na moja alibandua kikaratasi chekundu na kuweka cha kijani. Chumba kizima kiligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu, lakini mkono aliubakiza pale juu ya kikaratasi, ameukandamiza, kama kitu kinachoweza kudondoka.

"Una hakika?" Nadia alimuuliza.

"Hapana," alisema. "Nimekagua."

Nyekundu: kumi na tano. Kijani: kimoja.

Baadaye niliifungua taarifa ya tarehe 14 Februari. Wafadhili wanaruhusu marekebisho. Nilifuta sentensi ya mwisho, ile inayosema wote wameelewa. Ile ya kabla yake niliiacha, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi. Sasa inasomeka hivi:

Vikaratasi vyekundu: sifuri. Mwandishi alimwona mshiriki mmoja akificha chake. Hakumuuliza.